Gofu ya Diski: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kurusha Mbali Zaidi

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari anacheza gofu ya diski, yaani mchezo wa kurusha diski hadi itumbukie kwenye kapu kwa mirusho michache iwezekanavyo, anafika kapuni bila taabu, ila umbali wake umegoma kuongezeka. Wengi wetu tunaoongea Kiswahili tuliukuta mchezo huu ughaibuni, kwenye bustani za umma za Marekani au misitu ya Ufini, na tukajifunza kwa kutazama wenzetu. Kwa kutazama unaona mkono. Kinachopeleka diski mbali kiko chini ya mkono, na ndicho majibu mengi hapa yanachokirudia.

Maelezo yote ni ya bekihendi (mrusho ambao mkono unavuka mwili na mgongo wa kiganja ndio unaotangulia) kwa mkono wa kulia, isipokuwa pale inapoelezwa vingine. Diski ya kapu ni ile butu ya kutumbukizia. Diski ya kati ni ya masafa ya wastani. Diski ya mbali ni ile yenye ukingo mpana na mkali.

## Kabla ya kubadili chochote

Mrusho wa kawaida unafika umbali gani?

Mtu mzima anayeanza hufikisha mita 50 hadi 70. Akifika 90, yaani zile futi 300 ambazo Wamarekani huzitaja kila mara, viwanja vingi vinachezeka vizuri. Mita 120 ni mrusho wa mchezaji mzuri wa ridhaa. Wanaume wa kulipwa wenye mikono ya kasi hupita 150.

Ukipimwa kwa kifaa cha kupimia kasi, makadirio ni haya: kilomita 80 kwa saa hukupa kama mita 90, kilomita 97 hukupa mita 120, na kilomita 113 hukupa mita 150, kwenye uwanja tambarare usio na upepo. Makadirio hayo yanadhani diski imetoka mkononi ikiwa imelala sawasawa. Wengi wana kasi ya mita 90 lakini wanarusha mita 70, na hizo 20 zinazopotea zimeelezwa kwenye swali la diski inayopanda juu.

Je, lazima niwe na nguvu nyingi au niwe mrefu?

Hapana. Kanuni za PDGA, chama cha kimataifa cha mchezo huu, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo cha diski. Diski ya sentimita 21 kwa hiyo haizidi gramu 175 hivi. Kitu chepesi namna hiyo hakihitaji kifua kipana. Kinahitaji kasi, na kasi huzaliwa na mpangilio wa viungo. Mikono mirefu husaidia, tusidanganyane. Lakini nenda uwanja wowote siku ya Jumamosi utaona kijana mwembamba akimwacha mbali mnyanyua vyuma.

Namba nne zilizochapwa juu ya diski zina maana gani?

Ya kwanza ni kasi: jinsi diski inavyotaka kurushwa haraka ili iruke kama ilivyoundwa. Ya pili ni kuelea, yaani uwezo wa kubaki hewani. Ya tatu ni kugeuka: ikiwa hasi, mathalani -3, diski itaelekea kulia mwanzoni ikiwa bado na kasi. Ya nne ni kurejea: namba ikiwa kubwa, diski itakatia kushoto kwa nguvu inapopungua mwendo.

Namba hizo hutimia tu ukifikisha kasi inayotakiwa. Usipoifikisha, kugeuka hakutokei na kurejea huja mapema.

Nikinunua diski ya kasi 12 au 13, si nitarusha mbali zaidi?

Hili ndilo swali linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko yote. Diski ya kasi 13 ina ukingo wa zaidi ya sentimita 2 na imeundwa kupasua hewa. Kwa mtu ambaye diski ya kati haimfikishi mita 75, hiyo itakuwa jiwe: itaenda mita 60 na kukata kushoto.

Ushauri wangu ni kubaki kwenye kasi 7 hadi 9 mpaka uweze kuzirusha zikanyooka. Tena chagua zenye namba ya tatu hasi, kama -2, maana ndizo zinazomsaidia mwenye kasi ndogo. Nimeona wengi wakiongeza mita siku hiyo hiyo kwa kushuka kutoka kasi 12 hadi 7.

## Mkono na diski

Nishikeje diski kwa mrusho mrefu?

Vidole vinne vyote viingie ndani ya ukingo kwa chini, vikiwa vimekunjwa, na gumba likae juu ya bamba, yaani uso wa juu wa diski, karibu na ukingo. Diski ikae kwenye mkunjo wa kiganja, isining'inie kwenye vidole peke yake. Kubana hasa kunafanywa na gumba na kidole cha shahada.

Angalia ulingano: ukinyoosha mkono mbele, ukingo wa diski ulioushika ufuate mstari wa mkono wako kuanzia kiwiko. Diski inayochomoza kwa pembe tofauti na mkono itatoka ikiwa imeinua pua hata ufanye nini.

Diski yangu hupanda juu, husimama hewani, halafu huangukia kushoto. Kwa nini?

Pua iko juu. Pua ni ule ukingo unaotangulia hewani. Ikiinuka hata nyuzi chache kuliko njia ambayo diski inaifuata, hewa huisukuma kwa chini, diski hupanda, hupoteza mwendo na kukata kushoto kabla ya wakati. Ni kasoro iliyoenea kuliko nyingine zote, na mwenyewe huioni kwa sababu diski iko ubavuni mwako wakati wa kuiachia. Wengi hudhani tatizo ni nguvu, wanarusha kwa hasira zaidi, na pua inazidi kuinuka.

Chanzo cha kwanza ni mshiko, tulioueleza juu. Cha pili ni kifundo cha mkono. Shika diski mkono ukiwa umenyooka, kisha inamisha kifundo kama unayemimina chai kutoka kwenye birika: upande wa gumba unashuka kuelekea mbele, na pua inashuka nao. Kifundo kibaki katika hali hiyo tangu unapovuta diski nyuma hadi inapotoka. Mwanzoni utahisi kwamba diski itachimba ardhi. Haitachimba.

Cha tatu, kinachosahaulika, ni mwili kuegemea nyuma. Mchezaji anataka diski ipande, basi anarudisha mabega nyuma na kuvuta mkono kuelekea juu. Ukitaka diski ipande, badili pembe ya mwili mzima kuanzia nyonga, na mkono ubaki ukivuta kwenye usawa wa mabega. Pua chini na njia ya juu vinaweza kuwa pamoja. Wachezaji wakubwa hurusha hivyo kila siku.

Jaribu hili: rusha diski ya kapu mita 40, iwe chini, isivuke kimo cha kichwa. Pua ikiwa juu hutaweza, itapanda tu. Ukiweza mara nyingi mfululizo, ongeza umbali taratibu bila kubadili kifundo.

Kwa nini diski hutikisika inapotoka mkononi?

Mkono umeivuta upande mmoja na kuizungusha upande mwingine. Mara nyingi mchezaji amezungusha kiganja juu wakati wa kuachia, au njia ya diski imepanda na kushuka badala ya kunyooka. Diski inayotikisika hugeuka kulia zaidi ya namba zake, hivyo wengine huikimbilia diski ngumu kugeuka ili kuficha kasoro. Punguza nguvu hadi asilimia 60, hakikisha diski inatoka kimya, ndipo uongeze.

Diski inanitoka ikielekea kulia kabisa, hata wenzangu wanainama. Nifanyeje?

Umechelewa kuiachia, kidole kimeing'ang'ania. Hutokea ukikaza mkono mzima tangu mwanzo, au nyonga zikifunguka mapema na mkono ukabaki kuzikimbiza. Mkono uwe mlegevu wakati wa kuvuta nyuma, ubane pale tu diski inapopita kifuani. Na kwa kweli huhitaji kuamua kuachia: mshiko ukiwa sahihi na mkono ukaenda kasi, diski huchomoka yenyewe.

Wanasema "naizungushia kifuani". Ni kosa gani hilo?

Ni pale ambapo mkono wa juu, kuanzia bega hadi kiwiko, unajibana kifuani, na diski inapita ikizunguka mwili badala ya kunyooka kuelekea shabaha. Ukifanya hivyo kiwiko hakina nafasi ya kutangulia, na kiwiko ndicho kinachoufyatua mkono.

Pembe kati ya mkono wa juu na kifua isipungue nyuzi 90. Diski inapofika mbele ya titi la kulia, kiwiko kiwe kimeshatangulia na kimekunjwa kama nyuzi 90 hivi. Kutoka hapo mkono hufunguka: kiwiko kwanza, kisha kifundo. Sehemu hiyo fupi, ya kutoka kifuani hadi mkono kunyooka, ndipo karibu kasi yote inapoingia kwenye diski. Yote ya kabla yake ni maandalizi, na anayeanza kuvuta kwa nguvu tangu nyuma kabisa anafika hapo akiwa ameishiwa.

## Miguu, nyonga na wakati

Kama si mkono, nguvu inatoka wapi?

Inatoka ardhini. Unahamisha uzito kuelekea shabaha, kisha mguu wa mbele unakita chini na kukataa kuendelea. Mwili uliokuwa ukisonga unasimamishwa kwa chini, na mwendo ule hauna pa kwenda ila juu: nyonga zinageuka, mgongo unafuata, bega linafuata, halafu kiwiko, kifundo, diski. Kila kiungo kinapopunguza mwendo humrushia mwenzake wa mbele. Mkono ndio wa mwisho kwenye foleni.

Mwangalie Julius Yego wa Kenya alipotwaa ubingwa wa dunia wa mkuki mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Usiangalie mkuki, angalia mguu wake wa kushoto unavyokita na kubaki mgumu. Mwili wote unapita juu ya mguu huo. Kwenye bekihendi ya mkono wa kulia kazi hiyo inafanywa na mguu wa kulia, lakini sababu ni ile ile.

Dalili kwamba mguu wako haukiti: baada ya kurusha unaendelea kutembea mbele kama aliyesukumwa, au goti la kulia linakunjika na kichwa kinashuka. Mguu uliokita sawasawa hunyooka, nawe unabaki wima ukizunguka juu ya kisigino.

Hatua za kukimbilia zikoje?

Kwa msingi ni tatu: kulia, kushoto ikipita nyuma ya kulia, kisha kulia inayokita. Hatua ya kupishana inakugeuza mgongo kuelekea shabaha, ili uweze kuvuta diski nyuma bila kulazimisha bega. Wengine huongeza hatua moja au mbili mwanzoni, hilo ni suala la raha tu.

Hatua ya mwisho isiwe ndefu mno. Ukitanua sana uzito unabaki nyuma, na pua inainuka. Anza polepole kisha ongeza mwendo, maana kasi ya mbio si lengo.

Ni wakati gani hasa mkono uanze kuja mbele?

Baada ya mguu wa mbele kugusa chini. Diski ifike nyuma kabisa karibu na pale mguu unapotaka kutua, mguu utue, ndipo mkono uje. Wengi huanza kuvuta mguu ukiwa bado hewani, na hapo mkono unafanya kazi peke yake.

Zoezi ni kusimama miguu ikiwa tayari imetanuliwa, kuinua kisigino cha kulia, kukishusha, na kurusha baada tu ya kukishusha. Sema "mguu, mkono" kwa sauti ikibidi.

Kwa nini nikirusha nimesimama napata karibu umbali ule ule wa kukimbia?

Kwa sababu hatua zako haziongezi kitu, zinavuruga tu wakati. Mtu mwenye mpangilio mzuri akisimama hupata sehemu kubwa ya umbali wake, na hatua humwongezea kidogo. Rudi kusimama kwa wiki kadhaa, kisha hatua moja, kisha tatu. Inachosha, lakini sijaona njia fupi kuliko hiyo.

Nitazame shabaha muda wote?

Usitazame. Ukikaza macho mbele shingo huzuia bega kugeuka. Kichwa kigeuke nyuma pamoja na mabega, na macho yarudi mbele pamoja na kifua. Mwelekeo umeshaupanga kwa miguu kabla ya kuanza.

## Mazoezi

Nifanyeje mazoezi nikiwa peke yangu?

Uwanja wa mpira usio na watu unatosha. Beba diski za aina moja au zinazofanana, za kati au za kasi 7, na urushe kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Urefu wa uwanja rasmi wa mpira ni kati ya mita 90 na 120, kwa hiyo kipimo unacho bure.

Shughulikia jambo moja kwa siku. Leo kifundo, kesho mguu. Anayejaribu kurekebisha matano kwa mrusho mmoja harekebishi hata moja. Na mirusho mingi iwe ya nguvu ya wastani. Nguvu zote ni za kupima, si za kujifunzia.

Je, nijirekodi kwa simu?

Ndiyo, tena kwa mwendo wa taratibu. Weka simu sehemu mbili: nyuma yako kwenye mstari wa shabaha, uone njia ya diski na mwili kuegemea, na ubavuni ukitazamwa kifua, uone kama mguu umetua kabla ya mkono kuanza. Utashangaa jinsi unachohisi na kinachotokea vilivyo mbalimbali.

Kiwiko au goti linauma. Niendelee?

Usiendelee. Kiwiko kinachouma kwa nje mara nyingi kinatokana na kubana mkono muda wote na kurusha kwa mkono mtupu. Goti huumia pale mguu wa mbele unapobaki umenata chini huku mwili ukizunguka. Kisigino lazima kiwe huru kugeuka mara diski inapotoka. Viatu vyenye meno marefu sana kwenye sakafu ya saruji huongeza hatari hiyo.

Pumzika, na maumivu yakiendelea mwone daktari. Kabla ya kila mchezo tembeza mwili, zungusha mabega na nyonga, kisha anza na mirusho mifupi.

## Hali za pekee

Upepo unabadili nini?

Upepo wa mbele huifanya diski igeuke kulia zaidi na kupanda, hivyo tumia diski yenye kurejea kwingi na uirushe chini. Upepo wa mgongoni huinyima diski kuelea na kuifanya ikate kushoto mapema. Tumia inayogeuka kirahisi na uipe kimo. Pua iliyoinuka kwenye upepo wa mbele ni maafa. Rudi kwenye swali la diski inayopanda juu.

Nimetoka Mombasa kucheza Nairobi na diski zangu zimebadilika. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Diski hugeuka kidogo kuliko ilivyozoea, na kurejea huonekana kukali zaidi. Ile iliyonyooka pwani huko bara itakata kushoto. Chukua diski inayogeuka zaidi au iliyochakaa, maana diski ikitumika sana hulegea na kugeuka kirahisi.

Nasikia wazoefu wakisema "haiza inayojigeuza". Ni nini?

Haiza ni kuachia diski ukingo wake wa kushoto ukiwa umeinama. Ukiirusha hivyo diski yenye kugeuka kwingi, kama -3, kasi huinyanyua ikalala sawa, ikanyooka, ikaelea kidogo kulia, kisha ikarudi. Inakaa hewani muda mrefu kuliko diski iliyorushwa bapa. Kwa mwenye kasi ya wastani hii ndiyo njia bora ya kupata mita za ziada, na ina faida nyingine: kuinamisha mwili kwa haiza husaidia pua kubaki chini.

Ikikataa kunyanyuka, punguza mwinamo. Ikipinduka na kulala kulia chini, ongeza.

Rekodi ya mita 338 iliwezekanaje?

David Wiggins Jr. aliirusha mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, Marekani, upepo mkali ukimsukuma mgongoni. Miaka miwili kabla yake Simon Lizotte wa Ujerumani alikuwa amefikisha mita 263.2 katika jangwa hilo hilo. Mirusho ya namna hiyo hutumwa juu sana ili upepo uibebe diski, jambo ambalo kwenye kiwanja chenye miti halikufai kitu. Jifunze kwao mpangilio wa mwili, usiige pembe.

Je, fohendi, yaani mrusho wa upande wa mkono unaorusha kiganja kikitangulia, inaweza kufika mbali kama bekihendi?

Kwa wengi haifiki, ila wanaotoka kwenye michezo ya kurusha mpira wakati mwingine huanza nayo vizuri zaidi. Mshiko ni vidole viwili ndani ya ukingo, kiwiko kitangulie karibu na ubavu, na kiganja kibaki kikitazama juu hadi diski itoke. Kukigeuza ndiko kunakoitikisa diski na kuumiza kiwiko. Mguu unaokita hapa ni wa kushoto, kama wa mrusha mkuki.

Natumia mkono wa kushoto.

Geuza kila kulia kuwa kushoto na kila kushoto kuwa kulia, miguu pia. Diski yako itageuka kushoto mwanzoni na kurejea kulia.

Mwanangu wa miaka kumi arushe diski gani?

Gramu 150 au chini ya hapo, diski ya kapu au ya kati. Nyepesi hunyanyuka kwa kasi ndogo, naye atafurahi. Hatua amwachie mtu mzima. Asimame na kurusha.

Nikimaliza kurusha navuka ukingo wa sakafu ya kurushia. Ni kosa?

Kinachotazamwa ni pale unapoachia: wakati huo sehemu zako zote zinazogusa chini ziwe ndani ya eneo la kurushia. Diski ikishatoka, kuvuka mbele si kosa hapo pa kuanzia. Kwa hiyo usijizuie ghafla kwa kuogopa mstari, kwa sababu kujizuia huko ndiko kunakoumiza goti. Anza hatua zako nyuma zaidi.